Hati ya lupango haiendi kwenye kampeni

Dada wa Ruashi, usisaini.

Nimesoma swali lako lote. Shemeji yako mkubwa anataka udepite, yaani ubunge, 2028, anaomba hati ya lupango, kile kiwanja na nyumba ya marehemu baba mkwe kilichoko Kamalondo hapa Lubumbashi, "kwa miezi michache tu". Kundi la WhatsApp la familia limegeuka uwanja wa matusi kwa sababu mke wa mdogo wao ni wa Kasai, si wa mkoa wetu. Na unauliza kama watoto wavae fulana za chama cha baba yao mkubwa. Waliokutangulia kujibu wamekuambia umwunge mkono, eti akipita mtakula wote. Hao hawajawahi kumhamisha mama yao na vyungu vyake kwenye mkokoteni mvua ikinyesha. Ya WhatsApp na fulana tuyaache kwa leo, hati kwanza.

Kwetu ni Katuba, mji huuhuu. Baba alitoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003, katika ile operesheni ya kuondoka kwa hiari iliyolipiwa na Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaenda nyumbani. Pesa yake aliitia kwenye tofali na mabati: akamaliza nyumba, akajenga vyumba vya kupangisha upande wa nyuma. Alipofariki, kodi ya vile vyumba ndiyo iliyonunua unga, makala ya kupikia na dawa ya presha ya Mama. Hakuna mtoto aliyekuwa anamtumia Mama pesa kila mwezi, na hakuna aliyeona aibu, kwa sababu wapangaji walikuwa wanatutunzia mama.

Ikafika 2023. Yaya, kaka yetu mkubwa, mtu mwema kabisa, mwalimu anayesalimiwa na kila mtu kuanzia sokoni mpaka parokiani, akaanza kutembelewa na rais wa chama kimoja kidogo. Sitamtaja. Alikuja na koti, akala bukari (ugali) na sombe (kisamvu) ya Mama kwa mikono miwili, akamwita Mama "mama mzazi", akasema watu wa Katuba wanamtaka Yaya, kiti kiko tayari, kinachokosekana ni "kujipanga kidogo". Mpaka leo nikikumbuka alivyoomba aongezwe samaki, damu inanichemka.

Sikiliza sasa jambo ambalo yule bwana alilijua na akatuficha. Sheria ya uchaguzi ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2022 inadai chama kiwe na wagombea wa kutosha kufikia 60% ya viti vyote vinavyogombewa nchini, la sivyo orodha zake hazipokelewi. Chama kidogo kitawatoa wapi watu hao? Kinazunguka kwenye komine, zile wilaya za mji, kinatafuta mwalimu, muuguzi, mwimbishaji wa kwaya, yeyote anayependwa na mwenye familia ya kumchangia. Na dhamana ya kugombea inayolipwa CENI, tume ya uchaguzi, hairudi, upite usipite. Kisha kuna kizingiti: chama au muungano usipofikisha 1% ya kura za nchi nzima, unaondolewa kabla viti havijagawanywa. Yaya angeweza kujaza Katuba yote kura, na zikaishia kwenye karatasi. Hata kizingiti kikivukwa, kura za wagombea wote wa orodha zinajumlishwa kwanza, halafu kiti kinakwenda kwa aliyepata nyingi ndani ya orodha hiyo. Wengine wamembebea mwenzao maji mpaka mlangoni kwake. Hakuna hata moja kati ya haya tuliloelezwa mezani. Tuliambiwa "Mungu ameandika".

Pesa ya kampeni ikatafutwa. Banki ya kawaida haikopeshi mwalimu kiasi kile, kwa hiyo komisyoneri, dalali wa malupango, akaleta mtu wa banki lambere, wale wakopeshaji wa mtaani ambao ukichukua 100 leo unarudisha 150 mwisho wa mwezi. Tukaitwa Jumapili baada ya misa, chini ya mwavokado wa uani. Karatasi ilisomwa kwa Kifaransa, mbiombio, na komisyoneri aliyekuwa anatazama saa yake. Mama hasomi Kifaransa. Alishika kalamu kama anavyoishika kwenye daftari la likelemba, upatu wa kina mama, akauliza tu, "Ni kwa ajili ya mtoto wangu?" Akajibiwa ndiyo. Akatia dole gumba. Sisi watoto tukasaini, sahihi yangu imo.

Dada, ile haikuwa karatasi ya deni. Ilikuwa karatasi ya kuuza. Bei imeandikwa, muuzaji ni familia, mnunuzi ni yule wa banki lambere, tarehe imeachwa wazi. Ndivyo wanavyofanya hao watu hapa mjini: deni halionekani popote, kwa hiyo hakuna riba ya kulalamikia, na siku ukishindwa kulipa, yeye anajaza tarehe na kwenda na hati yako kwa msajili wa hati za nyumba kama mnunuzi halali. Tulipokwenda kwa wakili, alisoma karatasi mara moja, akaiweka chini, akauliza nani aliipeleka hati mkononi mwa yule mkopeshaji. Tukanyamaza.

Kampeni yenyewe ilianza 19 Novemba ikaisha 18 Desemba. Pesa ilipita kama maji kwenye mchanga. Mafuta ya manseba, wale vijana wa pikipiki, waliobeba bendera, spika za kukodi, jezi za timu za mtaa, mchango kwenye kila matanga, maana mgombea asiyefika kwenye kilio anaonekana ana kiburi. Watu ambao Yaya hakuwafahamu walikuja saa kumi na mbili asubuhi kukaa uani wakingoja "chai". Siku ya kura, 20 Desemba, mashahidi wake, wale wa kumlindia kura, walidai nauli na chakula kabla ya kuingia kituoni, wengine hawakufika kabisa. Katika vituo ambavyo hakuwa na shahidi, hakupata nakala ya fomu ya matokeo, na bila hiyo hana la kupeleka mahakamani.

Chama hakikufika 1%. Yule rais wa chama hakupiga simu hata ya pole. Nimesikia yuko kwenye muungano mwingine sasa, anatafuta majina, na kwa hesabu za moyo wangu huyo anayemzunguka shemeji yako anaweza kuwa ni yeye au ndugu yake wa tabia.

Februari wapangaji waliambiwa wamlipe mwenye nyumba mpya. Mama yuko kwangu, chumba kimoja na binti zangu. Hajawahi kumlaumu Yaya. Kila mwisho wa mwezi anauliza kama wapangaji wameleta, anakumbuka, halafu anaomba maji ya kunywa. Yaya hafiki kwangu siku za mchana. Mdogo wetu wa mwisho hazungumzi naye kabisa, na kwenye ubatizo wa mtoto wake walikaa pande mbili za kanisa. Hicho ndicho kilichotuumiza kuliko nyumba, na hakuna mahakama inayokirudisha.

Usinielewe vibaya, siwachukii wanasiasa wote. Nataka watu wema wagombee. Shemeji yako anayo haki, na kama anapendwa kweli, wanaompenda watamchangia unga, watamwazima spika, watakuwa mashahidi wake bila nauli. Mchangieni mnachoweza kukipoteza, kila mmoja kutoka mfukoni mwake. Lakini hati ya marehemu isivuke mlango kwa ajili ya kura. Si kwa dhamana, si kwa "nakala tu", si kwa wiki moja.

Na usibaki kwenye kukataa kwa mdomo, kwa sababu watakuja tena wakati mume wako yuko kazini. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya mirathi, wote kwa usawa, wa kiume na wa kike. Shemeji yako ni mmoja wao tu. Ila kuna jambo la kuangalia: kama hakuna wosia, mkubwa wa warithi ndiye anayesimamia mirathi, isipokuwa akijiondoa na warithi wakachagua mtu mwingine, na kwenu mkubwa ndiye mgombea. Itisheni kikao cha familia, shemeji ajiondoe kwenye usimamizi, mchague msimamizi mwingine, afadhali yule shangazi mkali uliyemtaja, andikeni muhtasari, kila mrithi asaini, mwende nao mahakamani ukathibitishwe. Kisha fuatilieni hati itoke kwenye jina la marehemu iingie kwenye majina ya warithi wote. Ni pesa na ni foleni, nakubali. Mtu wa banki lambere akikuta majina ya warithi wote kwenye hati anageuza gari.

Leo hati iko wapi? Kama iko kwenye sanduku la mama mkwe na ufunguo anao shemeji, anzia hapo.