Shangazi, binti yangu ana sikoseli na kaanza kupenda

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Isevya hapa Tabora, nauza dagaa wa Kigoma. Binti yangu wa pili ana miaka 16, ana sikoseli tangu mdogo, kaongezewa damu mpaka hesabu nimepoteza. Mwezi uliopita natandika kitanda nakuta kitabu cha Kiingereza chini ya godoro, namuuliza dada yake ananiambia ni stori ya mapenzi ya watoto wenye kansa na mmoja anakufa. Mwili ulinisisimka. Kushika simu yake nakuta na kijana, wamejuana kliniki, na yeye ana sikoseli. Meseji zenyewe ni "umekunywa maji?" "nimekunywa, wewe je?" "kesho vaa sweta". Kitabu nimekifungia kabatini, simu nimemnyang'anya, sasa wiki ya pili haongei na mimi. Mama mkwe ndo kabisa, anasema ugonjwa umetoka kwetu na sasa hata kulea nimeshindwa. Nimekosea wapi?
Mama wa Isevya

JIBU: Marahaba mama, na pole, maana usiku wa sikoseli anaujua aliyeshika miguu ya mtoto mpaka alfajiri.

Kitabu nakifahamu. Kinaitwa The Fault in Our Stars, yaani kosa lililo kwenye nyota zetu, cha John Green wa Marekani, kilitoka 2012 na sinema ikaja 2014. Hazel ana miaka 16, kansa ya tezi ya shingoni imemfika mapafuni, kila anapokwenda anaburuta mtungi wa oksijeni. Augustus ana 17 na mguu mmoja walishaukata kwa kansa ya mfupa. Wanakutana kanisani kwenye kikundi cha vijana wagonjwa, basi yanaanza. Ni kweli mmoja anafariki (ambao hamjasoma mnisamehe) na wala sio yule unayemdhania, ila kurasa nyingi hawalii hao watoto, wanataniana, wanabishana, wanapanda ndege mpaka Amsterdam kumtafuta mwandishi ambaye Hazel anampenda kufa, kufika wanamkuta mlevi tena hana adabu. Mi nilicheka peke yangu kwenye basi, watu wakanigeukia. Binti yako hajifunzi kufa humo mama, hayo mambo anayajua kuliko mimi na wewe, tangu mtoto analala wodini anasikia watu wazima wakinong'ona wakidhani kasinzia. Humo anamkuta msichana rika lake, anaumwa, na bado kuna mtu anamwangalia kama msichana.

Hilo jina la kitabu lenyewe lina stori. Limetokana na tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, Juliasi Kaizari ya 1969, na Mwalimu ni mtu aliyesoma hapo hapo Tabora kwenu kisha akarudi kufundisha shule ya St. Mary's. Humo Cassius anamwambia Brutus tukiwa wanyonge kosa sio la nyota, ni letu wenyewe. John Green kama anambishia, mtoto wa miaka 16 mwenye kansa kosa lake liko wapi?

Na mama mkwe naye umwulize hivyo hivyo. Mtoto hapati sikoseli ya SS, yaani ile yenye kinasaba cha ugonjwa pande zote mbili, mpaka arithi kwa baba na arithi kwa mama. Nyie wawili inaelekea ni AS, mmebeba bila kuumwa, ndo maana hamkujua, na wazazi wote wakiwa AS basi kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa, nasema kila mimba, sio kwamba akishazaliwa mmoja wanaofuata wamesalimika. Kwa hiyo kama ni ukoo basi ni koo mbili. Ila usimwambie wewe, amwambie mwanae, maana wewe ukisema atasikia matusi tu.

Kuhusu kijana, mi sijaona ubaya kwenye hizo meseji. Maji na sweta, si ndo hayo hayo wanayokwambia kliniki kila siku? Mtu wa sikoseli akikaukiwa maji au akipigwa na baridi maumivu yanaweza kuanza. Wewe umemwambia anywe maji mara ngapi akakununia, huyo anaandika meseji moja na mtoto anakunywa. Simu mrudishie, ila saa tatu usiku iwe mezani sebuleni, na shule kwanza, hilo usilegeze.

Kuna moja zito lakini. Kama wote wawili ni SS, wakija kuzaa pamoja watoto wao wote watakuwa SS. Akizaa na AA, yaani mtu asiyebeba sikoseli kabisa, watoto watabeba tu, hawataumwa. Hili alisikie kwako, sio kwa mashoga zake, na sio siku mmegombana. Ni mtoto bado, hujamwambia amwache mtu, umempa anachotakiwa kujua.

Kitabu kitoe kabatini. Mwombe akutafsirie kidogo kidogo jioni mkichambua dagaa. Pale Amsterdam mtacheka, kurasa za mwisho kaa na khanga karibu.