Nimshukuru vipi daktari aliyeniuliza habari za ukuta?

Swali: Nakaa Kadutu, hapa Bukavu, katika nyumba ya matofali iliyochimbiwa kwenye mteremko. Msimu wote wa mvua nilikuwa nakohoa usiku, kifua kinabana na kupiga filimbi. Nilipewa antibiotiki mara nyingi. Makohozi yalipimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Mwishowe daktari mmoja akaniuliza kitanda kiko upande gani wa chumba, na ukuta wa hapo uko namna gani. Umejaa kuvu nyeusi. Alinipa pompi mbili za kuvuta dawa kifuani, ya bluu na ya kahawia, akaniambia nihame chumba kile. Sasa nalala hadi asubuhi. Nataka kumshukuru vizuri, ila sijui nimpe nini. Mume wangu naye amenunua rangi ili apake ukuta turudi chumbani. — Mama wa watoto watatu

Jibu: Pole kwa mateso, mama, na hongera kwa kupona. Tunaanza na shukrani, kwa sababu daktari huyo anaistahili. Antibiotiki huua bakteria, haziwezi kutuliza njia za hewa zilizovimba kwa sababu ya vumbi la kuvu. Ndiyo maana swali lake moja kuhusu kitanda lilifaa kuliko dawa zote ulizomeza kabla yake.

Mwandikie barua ya ukurasa mmoja, na nakala umpelekee mkurugenzi wa hospitali. Usiishie kwenye "Mungu akubariki". Eleza ulikohoa tangu lini, ulipewa dawa gani, yeye aliuliza nini, na hali yako ikoje leo. Barua ya namna hiyo inabaki kwenye faili lake, na daktari kijana akiisoma atajifunza kuuliza habari za nyumba. Pesa mkononi hapana: mgonjwa atakayefuata, asiye na kitu, ndiye atakayeumia. Ukiona aibu kwenda mikono mitupu, peleka kikapu cha matunda kwa idara nzima, wauguzi na watu wa maabara wakiwemo.

Halafu rudi umwone hata kama hujisikii mgonjwa. Mtu akipona harudi, na daktari hajui kama alipatia. Nenda na daftari: usiku ngapi uliamka kwa kikohozi, na pompi ya bluu uliitumia mara ngapi kwa juma. Ya bluu hufungua kifua kwa dakika chache. Ya kahawia, kwa kawaida, ndiyo inayopunguza uvimbe polepole, na wengi huiacha mara tu wanapopata nafuu, kikohozi kikarudi. Kupunguza dozi hufikiriwa baada ya miezi 2 hadi 3 ya hali nzuri, na daktari ndiye anayeamua. Kila ukimaliza kuivuta, sukutua kinywa na uteme, la sivyo utando mweupe unaweza kuota ulimini.

Sasa ukuta. Tafadhali, rangi ingoje. Ikipakwa juu ya kuvu itabanduka mvua zikirudi, na kuvu itatokea tena palepale. Kwanza jueni maji yanatoka wapi. Bandikeni ukutani kipande cha plastiki cha sentimita 50 kwa 50, mzibe kingo zote kwa utepe, mkiache siku 2. Matone yakiwa nyuma ya plastiki, maji yanapita ukutani. Yakiwa mbele, ni mvuke wa chumbani: nguo zinazoanikwa ndani, sufuria, pumzi za watu wengi waliofunga dirisha.

Kwa nyumba iliyochimbiwa mlimani tunashuku udongo unaoegemea ukuta wa nyuma. Uondolewe mpaka ushuke chini ya sakafu, kisha uwekwe mfereji wenye changarawe unaoteremka kuelekea pembeni. Kazi hii ifanywe kiangazi, Juni hadi Agosti, kipande cha mita 1 au 2 kwa wakati, na fundi mwashi awepo. Ukichimba mteremko wa Bukavu wakati wa mvua, au ukipita chini ya msingi, nyumba inaweza kukuangukia. Angalieni pia maji ya mabati yanadondokea wapi. Mara nyingine mfereji wa paa peke yake unatosha.

Kusafisha afanye mume wako. Wewe na watoto mkae mbali siku hiyo. Avae barakoa ya FFP2 (ile inayochuja vumbi laini), miwani na glavu, afungue dirisha, aloweshe ukuta kabla ya kusugua, maana kuvu kavu ikisuguliwa hujaza chumba vumbi lake. Sabuni ya unga na brashi hufanya kazi kubwa kuliko javel, yaani maji ya klorini ya kung'arisha nguo: hata kuvu iliyokufa bado inachokoza mapafu, kwa hiyo lazima itoke ukutani. Akitaka javel baadaye, isizidi mililita 250 kwa lita 4 za maji, na asiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo, kwa sababu hutoa hewa ya sumu. Plasta inayomeguka ibomolewe. Godoro la sponji lililoingia kuvu litupwe, halisafishiki. Na msiingize mbabula (jiko la makaa) chumbani ili kukausha ukuta: hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Ukuta ukishakauka kabisa, pakeni chokaa badala ya rangi ya mafuta. Chokaa huruhusu unyevu kutoka, na kuvu haiipendi. Kitanda kikae mbali na ukuta ule, angalau sentimita 10.

Swali: Nilimaliza dawa za kifua kikuu mwaka jana. Nakohoa tena, mara nyingine na damu. Jirani anasema ni kuvu ya nyumba, anataka kunipa pompi yake. — Msomaji, Bagira

Jibu: Usiichukue. Nenda hospitali leo, kwa sababu ya hiyo damu. Kifua kikuu kinaweza kurudi, na pia kinaweza kuacha mashimo ndani ya mapafu ambamo kuvu iitwayo Aspergillus huota. Dalili zinafanana sana. Omba makohozi yapimwe upya na upigwe picha ya kifua. Daktari akishuku kuvu ataagiza kipimo cha damu. Matibabu yake ni vidonge, mara nyingi itrakonazoli kwa miezi kadhaa, na rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hupunguza nguvu yake. Kwa hiyo mwonyeshe daktari kadi yako ya dawa za zamani kabla hajaandika chochote.