Shilingi 3 zilizoninyima kazi

Juma lililopita kijana mmoja anayesoma makala zangu aliniandikia kwamba ametengeneza mfumo wa chama cha akiba na mikopo, na kwamba gawio la shilingi 1,000,000 lilipogawanywa kwa wanachama 7, kila mmoja alipata shilingi 142,857 na jumla ikawa shilingi 999,999. Mwenyekiti ameuliza shilingi iliyobaki iko mfukoni mwa nani. "Kaka," akamalizia, "kwa shilingi 1 kweli nianze kuandika upya?" Nilitaka kumjibu kwa neno moja, lakini swali lake lilinitonesha kidonda.

Mwaka 2016 nilipewa kazi ya kutengeneza mfumo wa ankara kwa duka la jumla la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa, nami nilijiona fundi kwelikweli. Bei za duka zilijumuisha VAT ya asilimia 18, hivyo programu ilikuwa na jukumu la kuichambua kodi kutoka katika bei, yaani kuzidisha kwa 18 na kugawanya kwa 118. Siku ya makabidhiano mhasibu, mama mtu mzima, alichukua ankara yenye bidhaa 7 tofauti za shilingi 1,000 kila moja. Kila mstari ulionyesha kodi ya shilingi 153. Alibonyeza kikokotoo chake polepole, akapata 1,071. Chini ya ankara yangu pameandikwa 1,068.

"Mwanangu," alisema, "karatasi yako inasema uongo."

Nilibisha, na kubisha huko ndiko ninakokujutia zaidi kuliko kosa lenyewe. Nilimweleza kwamba kodi halisi ya kila mstari ni 152.54 na ushee, kwamba mfumo umeihifadhi na desimali zake zote na kukadiria hadi shilingi nzima wakati wa kuchapisha tu, na kwamba kodi ya 7,000 ni 1,067.80, ambayo ikikadiriwa ni 1,068 bila shaka yoyote. Yote hayo yalikuwa kweli, lakini mteja hasomi hifadhidata. Husoma karatasi, na karatasi ilikuwa na safu ya tarakimu isiyolingana na jumla yake. Mwenye duka, aliyekuwa amenyamaza muda wote, aliuliza kama shilingi 3 zinanishinda, milioni zake nitaziwezaje. Mkataba ukaishia hapo. Miezi iliyofuata sina haja ya kuisimulia.

Somo nililolipata ni hili: amua ni wapi hasa hesabu itakadiriwa, ikadirie hapo mara moja, kisha tarakimu uliyoichapisha iwe ndiyo uliyoihifadhi na ndiyo unayoijumlisha. Kama utakadiria kwenye kila mstari au kwenye jumla, muulize mhasibu kabla ya kuandika msimbo, kwa maana uamuzi huo si wako. Usihifadhi fedha katika namba za floti, yaani namba zenye desimali ambazo kompyuta huzihifadhi kwa makadirio. Kompyuta huhesabu kwa sifuri na moja, na sehemu ya kumi haiandikiki kamili kwa njia hiyo, kama theluthi isivyoandikika kamili katika desimali. Ndiyo maana 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3 safi. Hifadhi senti kama namba kamili, au tumia aina ya desimali. Angalia pia lugha ya programu unayotumia: Python ikikadiria huipeleka nusu kwenye namba shufwa, hivyo 2.5 huwa 2, ilhali Math.round, amri ya kukadiria ya JavaScript, huipa 3. Ukikokotoa upande mmoja kwa hii na upande mwingine kwa ile, utagombana na nafsi yako.

Wanaodhani senti hazina uzito waitazame fahirisi (kipimo cha mwenendo wa bei za hisa) ya soko la hisa la Vancouver, Kanada, iliyoanza mwaka 1982 ikiwa 1,000. Kila ilipokokotolewa, desimali zilizozidi tatu zilikatwa badala ya kukadiriwa. Kufikia Novemba 1983 ilikuwa imeshuka hadi karibu 524. Iliporekebishwa, ilikutwa ikistahili kuwa karibu 1,098.

Hata baada ya hapo nilijikwaa tena, safari hii kwa mteja wa Unguja anayeuza bidhaa Muscat. Riali ya Omani ina baisa 1,000, kwa hiyo huandikwa kwa desimali tatu, nami kwa mazoea nilikuwa nimeweka mbili kila mahali. Bei ya 4.125 ilitoka 4.13, na mnunuzi akadai baisa zake 5, kwa haki. Shilingi ya Uganda nayo, katika ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu, haina desimali hata moja, hivyo anayezidisha kila kiasi kwa 100 atamtoza Mganda mara mia. Idadi ya desimali iambatane na sarafu, wala isitoke kichwani mwako.

Kijana nilimjibu kwamba ndiyo, aandike upya: kila mwanachama apewe sehemu yake kwa shilingi nzima, kisha shilingi inayobaki apewe mmoja wao kwa kanuni iliyoandikwa, na mwenyekiti aione kanuni hiyo.

Mwezi uliopita nilipita kwenye lile duka kununua misumari, bawaba na kufuli. Mfumo wa aliyenirithi bado unafanya kazi. Niliijumlisha ankara palepale kaunta, mstari kwa mstari, nikijua fika nilichokuwa nakitafuta. Ilitimia.