Saa nzima ya hesabu, nusu punje ya karanga

*Najiandaa na mtihani wa kidato cha nne, nasoma mpaka saa saba usiku. Kichwa kikichemka hivi, si nitakonda? (Mwanafunzi, Morogoro)*

Hutakonda, mwanangu, labda kwa kukosa usingizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Boston, Francis Benedict na mkewe Cornelia waliwapa watu hesabu ngumu za kuzidisha kwa kichwa, huku wakipima hewa wanayovuta na kutoa. Matumizi ya nishati yalipanda, lakini kiduchu: nyongeza ya saa nzima ingelipwa na nusu punje ya karanga. Menya moja, ipasue katikati. Kipande hicho ndicho saa yako ya aljebra.

*Mbona basi nikifunga mahesabu ya mwezi njaa inaniuma? (Mhasibu, Mombasa)*

Njaa unayo kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, waliona mwaka 2008 kwamba wanafunzi waliotoka kwenye kazi ya akili walikula kalori 200 na zaidi juu ya walizokula baada ya kupumzika, ilhali kazi yenyewe iliwagharimu kalori 3 tu za ziada. Sukari yao ya damu ilikuwa ikipanda na kushuka, na huenda ndiyo iliyowafanya wale zaidi. Lile andazi la saa kumi, basi, usiusingizie ubongo.

*Nikikaa bila kuwaza chochote, ubongo unapumzika?*

Hata kidogo. Una uzito wa kilo 1.4 hivi, kama asilimia 2 ya mwili, lakini unakula asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia. Ni kama taa ya wati 20 isiyozimwa. Seli zinasukuma sodiamu nje na potasiamu ndani muda wote, hata ukiwa umekodolea dirisha la daladala. Ukianza kufikiri kwa bidii, nyongeza kwa kawaida haifiki asilimia 5.

*Baba hucheza bao kutwa, jioni yuko hoi. Kama nishati haiishi, anachoka nini?*

Swali zuri kuliko yote. Mwaka 2022 watafiti wa Paris waliwapa watu kazi ngumu ya akili kwa zaidi ya saa 6, wakakuta kemikali ya glutamati imerundikana sehemu ya mbele ya ubongo. Wanadhani uchovu ni breki, mrundikano usizidi, na wanasema dawa ni mapumziko na usingizi. Mzee akisinzia mkekani kete zikiwa bado mashimoni, mfunike shuka.