Pointi 12 si pikseli 12

Ndugu, umeuliza kuhusu ukubwa wa maandishi: namba 12 uliyoiweka kwenye kipeperushi na 12 uliyoiandika kwenye tovuti hazipimi kitu kimoja, ndiyo maana maandishi ya tovuti yametoka madogo. Katika uchapaji kipimo ni pointi, ambayo kwa programu za leo ni sehemu moja ya 72 ya inchi, yaani takriban milimita 0.353. Pikseli ya CSS (lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa za tovuti), ambayo ndiyo kipimo cha 12 yako ya tovuti, kwa upande wake, huhesabiwa kuwa sehemu moja ya 96 ya inchi. Basi pointi 12 ni sawa na pikseli 16, na pikseli zako 12 ni pointi 9 tu. Inchi hiyo ya skrini ni ya kimahesabu, kwa hiyo usihangaike kuweka rula juu ya kioo cha simu.

Ama kuhusu fonti (mtindo wa herufi) ya Verdana kuonekana kubwa kuliko ile ya Times New Roman ilhali zote umeziweka 12, sababu ni kwamba kinachopimwa si herufi yenyewe. Zamani, herufi ziliposubiwa kwa madini ya risasi, kilichopimwa kilikuwa kimo cha kipande cha madini kilichobeba herufi, pamoja na nafasi iliyoachwa juu na chini yake. Kompyuta zimerithi desturi hiyo, ila kipande kimegeuka kuwa mraba usioonekana, na ndani ya mraba huo mchoraji wa Verdana amezipa herufi ndogo kama a na x kimo kikubwa zaidi.