Maswali ya Wasomaji: Skana ya Gari, Simu ya Mkononi na Taa ya Injini

Barua nyingi zilizotufikia zinahusu skana ndogo za Bluetooth, zile zinazochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Tumechagua tano kutoka Nyanda za Juu Kusini. Fundi wetu anazijibu hapa, na ya kwanza anaijibu kwa kirefu kwa sababu kosa lililomo ndani yake ndilo linalowagharimu zaidi wenye magari.

*Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ambayo taa yake ya injini iliwaka, na mume wangu akanunua skana ili tusilipie kipimo gereji kila mara. Simu ilionyesha msimbo P0171. Muuza vipuri mmoja alituambia kwamba huo ni ugonjwa wa oksijeni sensa, tukainunua na kuifunga, lakini taa ilirudi baada ya siku chache. Je, tuliuziwa sensa mbovu au skana inatudanganya? Mama wa IST, Uyole, Mbeya.*

Marahaba, mama. Skana haikuwadanganya, na huenda hata sensa mliyonunua ni nzima. Kilichokosewa ni kuusoma msimbo kana kwamba ni jina la kipuri cha kununua. P0171 maana yake ni kwamba kompyuta ya injini imegundua mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko petroli, imejaribu kuongeza petroli ili kuusawazisha, na imefika kwenye kikomo chake bila kufanikiwa. Oksijeni sensa, inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi wa eksozi, ndiyo iliyopeleka taarifa hiyo. Ni shahidi, na kumbadilisha shahidi hakubadilishi tukio.

Tukio lenyewe linaweza kuwa na chanzo katika sehemu kadhaa. Hewa inaweza kuwa inapenya mahali ambapo haikupimwa, kwa mfano kwenye bomba la mpira linalotoka airklina, kwenye vimpira vidogo vya hewa vilivyokauka, au kwenye gasketi ya manifodi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Sensa inayopima hewa inayoingia inaweza kuwa imeshika vumbi, hivyo ikaripoti hewa kidogo kuliko ile iliyopo. Pampu ya mafuta inaweza kuwa dhaifu, filta ya petroli au nozeli zinazopuliza petroli zikawa zimeziba, au eksozi ikawa imetoboka kabla ya kuifikia sensa.

Hapa ndipo skana yenu inapofaa kuliko mlivyoitumia. Mkiwasha injini na kuiacha ipate joto lake la kawaida, fungueni ukurasa wa vipimo vya papo kwa papo na mtafute namba mbili zinazoandikwa kwa asilimia, STFT na LTFT. Ya kwanza ni masahihisho ya petroli ya wakati huo huo, na ya pili ni yale ambayo kompyuta imeyazoea kwa muda. Zijumlisheni. Jumla ikiwa kati ya hasi 10 na chanya 10, injini inajisimamia vizuri. Ikiwa chanya 20 au zaidi, kompyuta inaongeza petroli nyingi isivyo kawaida, na mnapaswa kutazama jambo moja zaidi: namba hiyo inabadilikaje mkikanyaga mafuta hadi mizunguko 2500 hivi kwa dakika na kuishikilia hapo.

Ikiwa namba ni kubwa gari likiwa katika sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na inashuka mkiongeza resi, shaka kubwa ni hewa inayovuja kuingia ndani. Katika sailensa injini huvuta hewa kidogo huku mvuto ndani ya manifodi ukiwa mkali, kwa hiyo ufa mdogo huingiza sehemu kubwa ya hewa yote. Ukiongeza resi, ufa ni ule ule lakini hewa halali imekuwa nyingi, na athari ya ufa inapungua. Ikiwa ni kinyume, yaani namba ni nzuri katika sailensa na inapanda gari linapobeba mzigo, tuseme mnapopanda kuelekea Mlima Nyoka, basi shaka inahamia kwenye pampu, filta au sensa ya hewa.

Kabla ya kununua kitu chochote, zimeni injini, ifungueni boneti, na mlishike lile bomba la mpira lenye mikunjo lililo kati ya airklina na mlango wa hewa wa injini. Likunjeni kwa mkono na mtazame upande wa chini, ndani ya mikunjo, kwa tochi. Ufa wa hapo hauonekani bomba likiwa limetulia. Hufunguka tu linapopinda, na ndivyo linavyopinda injini inapotikisika barabarani. Nimeona magari mengi yaliyofungwa sensa mpya juu ya ufa wa namna hiyo, na inaniuma, kwa sababu bomba hilo ni rahisi kuliko sensa. Bomba likiwa zima, nyunyizeni maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye maungio ya manifodi injini ikiwa katika sailensa, mkiwa mbali na koili zinazotoa umeme wa plagi na nyaya zake. Mlio wa injini ukibadilika maji yanapogusa mahali fulani, hapo pana uvujaji. Msitumie petroli kwa kazi hiyo kama wafanyavyo baadhi ya watu, kwani injini yenye joto inaweza kuwasha moto.

Sensa ya hewa nayo husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupulizia, bila kugusa kiwaya cha ndani kwa kitambaa wala brashi, na huachwa ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, kagueni na airklina wakati huo huo, hasa kiangazi.

*Ndugu Mhariri, skana yangu inawaka taa na simu inaiona, lakini programu inasema haiwezi kuwasiliana na gari. Gari ni Toyota la mwaka 2003 lililotoka Japani moja kwa moja. Muuzaji alinihakikishia kwamba inasoma magari yote. Msomaji, Ipogolo, Iringa.*

Muuzaji amekuahidi jambo ambalo skana yenyewe haiwezi kulitimiza. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa usomaji kwa magari mapya kuanzia modeli za mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukafanya hivyo kwa magari ya petroli kuanzia mwaka 2001, lakini Japani ilichelewa kuweka sharti la namna hiyo kwa magari ya soko lake la ndani. Kwa hiyo gari lako linaweza kuwa na soketi ile ile yenye matundu 16 na bado likazungumza na skana kwa utaratibu wa kiwanda, ambao programu ya kawaida haiuelewi. Tafuta programu inayokuruhusu kuchagua wasifu wa gari, kisha chagua Toyota la soko la Japani badala ya kuiacha programu ijitafutie yenyewe. Hakikisha pia kwamba switchi iko kwenye nafasi ya kuwasha, kwa sababu kompyuta ya gari haijibu switchi ikiwa imezimwa.

Ikiwa bado inakataa, ijaribu kwenye gari la jirani lililo jipya zaidi. Nyingi ya skana za bei nafuu zinazoandikwa ELM327 ni nakala za chipu iliyobuniwa na kampuni moja ya Kanada, na baadhi ya nakala hizo zimeachwa bila amri kadhaa ambazo magari ya zamani yanazihitaji. Wenye iPhone wazingatie kwamba skana za Bluetooth ya aina ya zamani hazifanyi kazi na simu zao. Wanahitaji ya Wi-Fi au ya Bluetooth ya aina mpya yenye matumizi madogo ya umeme. Na yule ambaye skana yake haiwaki taa kabisa, aanze na fyuzi, kwa sababu soketi hiyo hupata umeme wa betri kupitia fyuzi.

*Fundi, ninaishi Makambako na huenda Dar es Salaam mara kwa mara. Ninaporudi, gari linachemsha kwenye mlima wa Kitonga, lakini kwenye tambarare halina shida. Je, skana itaniambia tatizo? Dereva wa Noah.*

Itakusaidia sana, kaka, ingawa pengine haitatoa msimbo wowote. Unatoka kwenye joto la bonde la Ruaha, unaanza kupanda nyuma ya malori yanayotambaa kwenye kona, injini inafanya kazi nzito na upepo unaoingia kwenye rejeta ni mdogo. Mfumo wa kupoza wenye udhaifu kidogo hujulikana hapo kuliko mahali pengine popote. Mpe abiria wako simu, wewe uangalie barabara, naye asome joto la injini tangu Ruaha Mbuyuni. Katika magari mengi joto hukaa kati ya nyuzi 85 na 100, na feni huwaka likikaribia upande wa juu. Joto likipanda mnapojikokota na kushuka mara mnapopata mwendo, ianze kukaguliwa feni. Likipanda hata mnapokwenda kwa mwendo mzuri, shaka ni rejeta iliyoziba, thamostati isiyofunguka vizuri, au pampu ya maji.

Kipo kitu kimoja ambacho watu wa nyanda za juu wanapaswa kukijali kuliko wenzetu wa pwani, nacho ni mfuniko wa rejeta. Katika mwinuko wa Iringa au Mbeya maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, wala hayafiki 100. Mfuniko mzima huyabana maji na kupandisha kiwango hicho hadi kupita nyuzi 110, lakini mfuniko uliolegea mpira wake huyaacha yachemke wakati injini iko katika joto lake la kila siku. Ubadilishe, na uweke kulanti iliyochanganywa vizuri badala ya maji matupu. Usiufungue mfuniko injini ikiwa na moto kwa sababu yoyote ile.

Nakuomba pia usiiamini namba ya simu peke yake. Sensa ya joto hupima maji yanayoigusa. Maji yakiwa yamevuja na kuisha, inabaki ndani ya mvuke na inaweza kuonyesha namba ndogo wakati injini inaungua. Ukiona namba inashuka ghafla mlimani huku gari likipoteza nguvu, tafuta mahali salama pa kuegesha na uzime injini.

*Niko Njombe. Nikifungua switchi bila kuwasha injini, skana inaonyesha shinikizo la hewa la kilopaskali 80. Rafiki yangu aliyesomea ufundi Dar es Salaam anasema lazima iwe 101 na kwamba sensa imekufa. Nibadilishe? Mwalimu, Njombe.*

Usibadilishe, mwalimu. Namba 101 ni ya usawa wa bahari. Hewa hupungua uzito kadiri tunavyopanda, na kwa mwinuko wa Njombe, unaokaribia mita 2000, namba ya karibu na 80 ndiyo sahihi. Mbeya mjini tunategemea 82 au 83. Sensa ya kutiliwa shaka ingekuwa ile inayosoma 101 huku kwetu. Hewa hiyo nyepesi ndiyo pia inayofanya injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa ndani, ipoteze takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000, kwa hiyo gari lililokuwa jepesi Dar es Salaam likionekana zito Njombe, tusikimbilie kulitafutia ugonjwa.

*Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Tukuyu na nimeanza kupima magari ya majirani kwa malipo kidogo. Wengi wananiambia niifute tu taa. Je, kuna ubaya? Na je, naweza kuiacha skana kwenye gari langu muda wote?*

Marahaba, mwanangu. Kufuta si kutengeneza. Unapofuta, unapoteza pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea, yaani mwendo, joto na mzigo, pamoja na masahihisho ya petroli ambayo kompyuta ilikuwa imeyazoea. Fundi atakayefuata atakuta ukurasa mtupu. Andika yote kwenye daftari kwanza, au piga picha ya kioo cha simu, kisha ufute baada ya matengenezo ili kuona kama kosa litarudi.

Msimbo kama P0301, unaosema kwamba silinda ya kwanza inamisi, yaani haiunguzi petroli inavyopaswa, unaweza kuupima bila kununua kitu, ikiwa gari lina koili moja kwa kila silinda. Zima injini, hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya pili na ya pili uilete ya kwanza, kisha futa msimbo na uliendeshe gari. Ikija P0302, koili ni mbovu. Ikirudi P0301, tazama plagi na nozeli. Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima haraka haraka, mwambie mwenye gari asiliendeshe kwa nguvu wala kwa safari ndefu, kwa sababu petroli isiyoungua inaingia kwenye eksozi na kuyaunguza masega yanayosafisha moshi. Mambo ya mifuko ya hewa ya usalama yaache kabisa. Skana ya namna yako kwa kawaida inasoma injini tu, na nyaya zile hazichezewi.

Kuhusu kuiacha imechomekwa, ichomoe. Soketi ina umeme hata gari likiwa limezimwa, na gari linalolala siku nyingi bila kuwashwa linaweza kuamka na betri dhaifu. Isitoshe, skana nyingi hizi zinafunguka kwa nywila 1234 au 0000, hivyo mtu yeyote aliye karibu na gari anaweza kujiunganisha nayo.

Kwa kila gari unalopima, andika tarehe, kilomita, msimbo, jumla ya STFT na LTFT katika sailensa na katika mizunguko 2500, joto la injini, na kipuri kilichobadilishwa. Nakala moja mpe mwenye gari.