Goti limevimba, usiku halali: ni baridi au ni mfupa?

Swali: Daktari, shikamoo. Binti yangu ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza hapa Mafinga. Huu mwezi wa pili analalamikia mguu wa kulia, juu kidogo ya goti. Tulidhani ni baridi ya huku kwetu, tukampaka dawa ya kuchua. Duka la dawa wakatupa diklofenaki. Anapata nafuu, usiku maumivu yanarudi. Sasa pamevimba na anachechemea. Jirani anasema ni ule mpira wa netiboli uliompiga, twende kwa bibi anayechua. Yaweza kuwa saratani ya mfupa? Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, baba. Yaweza kuwa, na yaweza isiwe. Pa kuanzia ni eksirei, na apigwe wiki hii, msingoje shule zifunge. Mwongozo wa madaktari wa Uingereza unataka mtoto mwenye uvimbe au maumivu ya mfupa yasiyo na sababu afikiriwe kupigwa eksirei ndani ya saa 48. Ninyi mmeshaingia mwezi wa pili.

Baridi ya Mufindi naijua, lakini haivimbishi mfupa wa mguu mmoja. Maumivu ya kukua nayo kwa kawaida hushika miguu yote miwili, huja jioni, na asubuhi mtoto anakimbia kama kawaida. Hayaleti uvimbe wala kuchechemea. Ya binti yako yamekaa mahali pamoja na yanarudi usiku. Mahali penyewe pananitia wasiwasi: osteosakoma, saratani ya mfupa inayoongoza kwa vijana walio katika umri wa kurefuka, hupenda ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya muundi, yaani juu na chini ya goti. Mpira hausababishi saratani. Pigo humfanya mtu aanze kuutazama mguu ambao tayari ulikuwa na kitu ndani.

Kuchua kuachwe leo. Mfupa uliodhoofika huvunjika kwa kukandwa, na ukivunjika, damu inayovuja husambaza seli za saratani kwenye nyama za jirani. Asicheze michezo, atembelee magongo. Diklofenaki ya wiki kwa wiki huumiza tumbo na figo, basi mpeni paracetamol: miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mwenye kilo 35 kidonge kimoja cha miligramu 500 kinamtosha kwa mara moja.

Eksirei ombeni pande mbili, mbele na ubavuni, ionyeshe goti na mfupa wote wa paja. Daktari ataangalia kama mfupa umeliwa, kama kuna mfupa mpya uliotawanyika mfano wa miale ya jua, na kama ngozi ya mfupa imeinuliwa. Ikisomeka safi na maumivu yanaendelea, msifunge jalada: ugonjwa ulio ndani ya uboho hauonekani kwenye eksirei mpaka mfupa upoteze kiasi kikubwa cha madini yake.

Maambukizi ya mfupa hufanana sana na saratani, hasa kwa mtoto mwenye selimundu. Kifua kikuu cha mfupa nacho kimo. Hata homa haitoshi kutofautisha, maana aina nyingine ya saratani, sakoma ya Ewing, nayo huleta homa. Ndiyo maana mtu asikubali uvimbe wa namna hii upasuliwe kama jipu kabla ya picha.

Hapa kwenye kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa kikapimwe maabara, ndipo mambo mengi huharibika, basi nisikilize vizuri. Eksirei ikitia shaka, ombeni barua ya rufaa kabla mtu hajagusa kisu. Kwanza MRI (picha ya sumaku) ya mfupa wote na CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka) ya kifua, kwa sababu osteosakoma hukimbilia mapafuni. Kisha kinyama kichukuliwe na daktari bingwa wa mifupa atakayefanya upasuaji wenyewe, au baada ya kushauriana naye. Njia ya sindano au kisu huchafuka kwa seli, na baadaye lazima iondolewe pamoja na uvimbe. Mkato uliopita kwa upana wa paja badala ya kufuata urefu wake unaweza kumpotezea mtoto mguu ambao ungeokolewa. Kipande cha maabara ya saratani kiwekwe kwenye formalini (dawa ya kuzuia kisioze) ya asilimia 10, ujazo wake walau mara 10 ya kipande; kingine kiende kuoteshwa vijidudu bila formalini. Majibu ya mfupa huchelewa kwa kuwa mfupa hulainishwa kwanza ndipo ukatwe. Ulizieni kila wiki.

Ikithibitika osteosakoma, kwa kawaida huanza dawa za kemikali wiki 10 hivi, kisha upasuaji, kisha dawa tena. Mionzi haiiwezi sana. Ewing ndiyo huitikia mionzi. Mguu haukatwi kila mara. Familia nyingi hutoroka zikisikia neno kukata, zikarudi mapafu yamejaa. Kabla ya miaka ya 1970, wakati tiba ilikuwa kukata peke yake, walipona chini ya mmoja kati ya watano. Leo, kwenye vituo vyenye tiba kamili, ugonjwa ukikutwa haujasambaa hupona takriban sita au saba kati ya kumi. Ukikutwa umefika mapafuni, hawafiki nusu ya hao.

Safarini bebeni eksirei zenyewe pamoja na karatasi ya majibu, na orodha ya dawa alizotumia. Akiteleza kidogo tu akashindwa kusimama, chukulieni mfupa umevunjika: fungeni mguu kwa ubao kama ulivyo, msiuvute wala kuunyoosha, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.